Jibu Moja Lisilo na Mwenyewe

5 Machi

Shangazi,

Nesi wa simu aliniambia jana, saa nne kasorobo asubuhi, kwamba hii ni mimba yangu ya pili. Nikamwomba arudie. Akarudia: ya kwanza ilitoka mwezi Juni, inakaribia miaka minne sasa, na nikapona vizuri.

Shikamoo. Najua salamu ndiyo hutangulia, lakini kazi ya redio imeniharibu, habari mpya lazima ikae juu. Sisi hatujambo. Mkweo anapanda minara yake ya simu siku tano kwa wiki, na akishuka analala kama gunia la saruji. Mama anakusalimu, macho bado yanamsumbua. Na ndiyo, nina mimba ya wiki kumi. Wewe ni wa tatu kujua, baada ya mume wangu na mashine.

Mashine, kwa sababu kliniki ya wajawazito ya huku ilifungwa mwaka juzi. Umebaki ukumbi wenye viti vilivyopandishwa juu ya meza. Siku hizi unapiga namba fupi, mashine inakuuliza maswali, kisha nesi anakupigia kwa picha. Sitaisema vibaya huduma hiyo. Jirani zangu wawili wamepata vidonge vya kupanga uzazi bila kutazamwa na foleni nzima, na mmoja ametibiwa ugonjwa ambao mumewe mpaka leo hajui alikuwa nao.

Nesi wangu ni mama wa makamo mwenye kikohozi kidogo. Hakuwa anatania. Kwenye skrini yake lilikuwepo jina la Dada. Nikamwambia Dada alikufa. Akasoma tena, akasema: "Mama, mtu huyu ametujibu leo asubuhi saa tatu. Yuko sawa."

Laini ninayotumia ilikuwa yake. Mama alinipa Oktoba nilipohamia huku, kwa sababu ni mtandao huo tu unaoshika.

Swali langu ni moja. Dada alikuwa na mimba? Mimi nilikuwa chuoni, niliambiwa malaria. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hizi hurekodiwa, na kwa sababu wewe hujashika simu tangu msiba.

Mdadisi wako


29 Machi

Mdadisi wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikaa posta siku tisa kwa sababu yule karani mpya anapanga bahasha kwa ukubwa. Nilimwambia angekuwa fundi nguo angewashonea watu wote suruali moja.

Hongera sana. Kula, lala, usibebe ndoo. Mimi mzima, mgongo tu. Nina sare za wanafunzi sitini za kumaliza kabla shule hazijafungua, na mwalimu mkuu amebadilisha kola mara ya tatu. Paka amezaa kwenye kikapu cha vipande. Sasa kila mteja anaondoka na manyoya bure.

Hilo la mashine ni makosa ya watu wa kompyuta. Wamechanganya majina. Wewe na Dada yako hata kaka yangu, baba yenu, alikuwa akiwachanganya mkimwita toka chumba cha pili. Dada yako aliumwa malaria, ikampanda kichwani, basi. Wiki ile mimi nilikuwa safarini kununua vitambaa, nilirudi nikakuta watu wamejaa. Huwezi kumuuliza mtu habari za mahali ambapo hakuwepo.

Waambie wakufungulie faili jipya, na wewe ushughulike na kilicho tumboni. Nguo ya mtoto unataka rangi gani?

Shangazi yako


16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Rangi yoyote isiyoonyesha uchafu. Wiki ya kumi na sita, kichefuchefu kimekwisha. Mkweo amenunua kitanda cha mtoto na kukifunga kichwa chini miguu juu. Fundi wa minara!

Nilifanya ulivyosema. Mkweo alininunulia laini mpya, ile ya Dada ikabaki kwenye simu. Nikapiga namba fupi, mashine ikaniomba nitaje jina langu kamili na la mama yangu. Nikayataja. Ikasikiliza kama sekunde kumi, ikasema, "Karibu tena," na ikaniita kwa jina la Dada. Nesi anasema mfumo unamtambua mtu kwa sauti, kuzuia wadanganyifu. Nilirudia mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimebana pua. Karibu tena.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikukuandikia mwanzo. Mama aliponipa laini aliniagiza hivi, maneno yake yenyewe: "Usiizime hata siku moja. Jumatano saa tatu asubuhi wakipiga, pokea, usiseme kitu, bonyeza moja. Mimi nimechoka kumwitikia." Nilidhani ni mambo ya kampuni ya simu. Nikafanya. Kila Jumatano sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka, inamwita Dada kwa jina na kumuuliza hali. Kama uko sawa, bonyeza moja. Kama unatoka damu, bonyeza mbili. Kama unataka kuongea na nesi, bonyeza tatu. Nilimsikia akiitwa jina na kidole changu kikajibu. Mara ishirini na mbili, kuanzia tarehe nane Oktoba hadi tarehe nne Machi. Sijivunii.

Nesi alinihesabia. Hadi siku ile ya Machi, Dada alikuwa amejibu "sawa" mara mia moja tisini na tano, bila kukosa Jumatano hata moja. Wamemweka kwenye kundi la kijani, la watu wasio na wasiwasi. Wa kijani hawaitwi hospitali, wanaangaliwa kwa simu mpaka siku ya kujifungua. Kwa hiyo na mimi ni wa kijani.

Ulirudi safari siku gani, Shangazi? Jumatano au Alhamisi?

Mdadisi


21 Mei

Shangazi,

Sijapata jibu la barua ya Aprili. Inawezekana ni yule karani wa bahasha. Shikamoo hata hivyo. Mama amekuja kukaa nasi mpaka nijifungue. Analala chumba cha mbele na anasema godoro letu lina maoni yake.

Mgonjwa ana haki ya kusikia simu zake zilizorekodiwa. Kwenye mfumo, mgonjwa ni mimi. Jumatatu nilipiga, nikataja jina la Dada na tarehe yake ya kuzaliwa, sauti ikakubaliwa, wakanitumia. Nilisikiliza studio wakati wenzangu wamekwenda kula, kwa vile visikizi vikubwa tunavyotumia kukata vipindi.

Ni sekunde arobaini na moja. Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, saa kumi jioni. Dada anasema: "Imelowesha shuka ya pili. Nina kizunguzungu nikisimama." Nesi, siye huyu wangu, anamuuliza kama yupo na mtu. "Nipo na mtu." Anaambiwa kesho saa tatu mashine itapiga kumwangalia, akibonyeza mbili gari litatumwa, ikizidi kabla ya hapo apige mwenyewe.

Nyuma ya sauti yake kuna cherehani ya miguu. Inakwenda, inakwenda, inakwenda, inajikwaa, kisha inaendelea. Kila mzunguko wa nne. Nimelala chini ya cherehani hiyo likizo zote za utotoni mwangu. Halafu inasimama, na mtu anauliza kutoka mbali, "Unaongea na nani wewe?" Dada anajibu, "Na fundi wa umeme." Anacheka. Simu inakatika.

Nimeisikiliza mara sita. Mara ya sita mtangazaji wa michezo aliingia, akaona mdomo wangu unacheza, akaniuliza nasoma nini. Nilikuwa nayasema yale maneno pamoja naye, na kwenye visikizi sikuweza tena kujua sauti ipi ni ipi.

Sikushtaki. Nauliza tu ulikuwa wapi.

Mdadisi


8 Juni

Mwanangu,

Nimekutumia nepi sita, pindo nimeshona mara mbili. Paka amehamisha watoto wake, sijui wako wapi. Sare zimekwisha.

Cherehani za miguu zimejaa duniani. Na mtu akikaa na visikizi masikioni akisikiliza wafu, mwisho atawasikia hata kwenye bomba la maji. Achana nayo. Mwambie Mama yako asile chumvi.

Shangazi


9 Julai

Shangazi,

Hospitali ya wilaya imenirudisha nyumbani Jumatatu, tarehe sita. Aliyesema ni karani wa mapokezi, akiwa ameangalia skrini kabla hajaniangalia mimi: "Mama, wewe ni wa kijani. Wa kijani wanapimwa kwa simu."

Shikamoo. Nepi zimefika, asante, pindo ni zuri.

Nina wiki ishirini na nane. Miguu imevimba hadi viatu vya mkweo ndivyo vinavyonitosha. Kichwa kinauma tangu mwisho wa Juni, na nikiinuka naona vimetameta pembeni mwa macho, kama cheche za fundi wa kuchomelea. Muuza dawa alinipima presha: mia moja hamsini kwa mia. Alipima tena mkono wa pili, akaacha kutania. Akataja kifafa cha mimba. Nesi wa simu aliziingiza namba hizo mbele yangu, zikakataliwa. "Mfumo unasema umeripoti uko sawa," alisema. Akakohoa, na nikaona kwamba na yeye anaogopa.

Nilikuwa nimeacha kubonyeza tangu Machi. Wakipiga ninanyamaza. Kwa hiyo nikauliza: nani ameripoti? Jumatano ya jana sikwenda kazini. Saa tatu nilimkuta Mama jikoni, simu yangu sikioni, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza siri. Akabonyeza moja. Akaifuta simu kwa upande wa gauni, akairudisha palepale ilipokuwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Kwani wewe hujui? Uliacha kumjibu dada yako. Nimeona simu inapigwa, haijibiwi."

"Dada amekufa, Mama."

"Najua amekufa, mimi ndiye niliyemzaa. Jumatano ya kwanza baada ya mazishi walipiga wakamwita jina. Ningemwambiaje yule mwanamke? Moja yuko sawa, mbili damu, tatu nesi. Ya kufa ni namba gani? Haipo. Nikachagua moja."

Hakulia. Alinitajia tarehe: alianza Jumatano ya ishirini na mbili Juni, siku sita baada ya kumzika, na hakukosa hadi aliponipa laini. Hiyo ni mara mia moja sabini na mbili. Zangu ishirini na mbili. Jumla mia moja tisini na nne. Nesi alihesabu mia moja tisini na tano.

Limebaki jibu moja lisilo na mwenyewe, Shangazi, nalo ndilo la kwanza: Jumatano, tarehe kumi na tano Juni, saa tatu na dakika moja asubuhi. Namba moja. Yuko sawa.

Msimamizi wa kumbukumbu amenieleza utaratibu. Kibali cha mazishi hakitoshi, kwa sababu aliyetajwa ameendelea kujibu baada ya tarehe ya kufa. Wanataka maelezo ya maandishi, ya kiapo, ya mtu aliyekuwepo. Yakija watafunga faili la Dada, watanifungulia langu, na nitapimwa na binadamu. Yasipokuja, mimi ni mwanamke mzima asiye na tatizo.

Nilikuuliza kama ndugu mara tatu. Sasa nakuuliza kama mgonjwa.

Mdadisi


20 Julai

Mwanangu,

Barua yako nimeipata leo mchana na wewe utaipata hii haraka, nimempa dereva wa basi mkononi na kumtisha.

Maelezo yamo kwenye bahasha ya pili, yamegongwa muhuri wa wakili. Humu nakuandikia yaleyale bila muhuri.

Dada yako alikuja kwangu Jumamosi na mkoba mmoja. Mimba ya miezi miwili na nusu. Aliyempa mimba alikuwa ameshabadilisha namba. Jumatatu ikatoka yenyewe. Akaniambia, "Shangazi, Mama asijue, nitamwambia mwenyewe nikishasimama." Nikakubali. Nilikuwa na wateja wanaingia na kutoka, kila mmoja na mdomo wake, nikamfungia chumba cha ndani na kuwaambia ana malaria. Neno malaria nililitunga siku mbili kabla ya kulihitaji.

Jumanne aliongea na simu. Nilimuuliza anaongea na nani, na jibu lake umelisikia. Hilo la kucheka nilikuwa nimelisahau. Asante, na usinitumie hiyo sauti.

Jumatano asubuhi alikuwa amelala. Alikuwa hajalala siku mbili, nikasema moyoni, Mungu mkubwa, amepata usingizi. Midomo ilikuwa myeupe. Niliiona. Simu ikalia juu ya meza ya kukatia. Nikaikimbilia isimwamshe. Yule mwanamke akaniuliza kama niko sawa, akanipa namba zake. Sikumfunua shuka. Sikumgusa paji la uso. Nilibonyeza moja ili ikae kimya.

Saa sita nilimpelekea chai. Alikuwa ameshapoa.

Daktari aliyeandika kibali alisimama mlangoni, akaniuliza, nikamjibu. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mwenzangu, kikamuumbua yeye, na mimi nikabaki nashona sare.

Tangu siku ile, kila Jumatano saa tatu ninaisikia simu juu ya meza ya kukatia. Simu haipo. Nikisimamisha cherehani inanyamaza, nikiendelea inalia. Ndiyo maana nilikuandikia yale ya bomba la maji. Nilikuwa nakuelezea yangu.

Msomee Mama yako wewe mwenyewe, kwa sauti, asije akasomewa na mtu baki. Neno la kuomba radhi sitaliandika. Nitalileta kwa miguu yangu, akikubali.

Shangazi


12 Agosti, wodi ya wajawazito

Shangazi,

Daktari wa zamu amesema leo asubuhi kwamba presha yangu ni mia moja sabini kwa mia moja na kumi na kwamba hawawezi kusubiri wiki nyingine. Watanipasua kesho, Alhamisi tarehe kumi na tatu, saa mbili asubuhi. Mtoto ana wiki thelathini na tatu na moyo wake unapiga vizuri. Nimeusikia mwenyewe kwenye mashine.

Shikamoo. Barua hii mkweo atakukabidhi utakaposhuka kwenye basi kesho. Naandika kwa sababu huenda usinikute macho.

Maelezo yako yalinifikia kwa basi, nikayatuma, na ofisi ya kumbukumbu ikayapokea tarehe thelathini na moja. Jumatatu ya tarehe tatu msimamizi alifunga faili la Dada. Siku hiyohiyo nikafunguliwa langu, nesi wa kikohozi akaziingiza namba, na safari hii zikakubaliwa. Nikawa wa kundi jekundu kabla hajamaliza kuandika. Alinipigia nje ya zamu kuniambia nisilale nyumbani. Nilifika hapa Alhamisi, kitanda kilipopatikana. Nipo kitanda cha tano, upande wa dirisha. Yule karani wa mapokezi alinipisha bila kunikumbuka.

Mama nilimsomea yote. Hakunikatiza hata mara moja. Mwishoni akauliza swali moja: "Hiyo chai ilikuwa na maziwa?" Nikasema hukuandika. Akasema nikuulize. Nadhani ndiyo namna yake ya kukubali uje, lakini sina uhakika, na sitaandika nisichokuwa na uhakika nacho.

Jambo jingine, ulijue kabla hujaingia nyumbani. Jumatano ya tarehe tano, kabla sijalazwa, simu haikupigwa. Faili limefungwa, hakuna wa kuitwa. Nilikuwa sebuleni naitazama. Saa tatu Mama aliichukua mezani, akaiweka sikioni, akasikiliza kwa muda uleule ambao yule mwanamke huchukua. Skrini ilikuwa nyeusi. Nikamwambia, "Mama, hawajapiga." Akaniinulia kiganja ninyamaze. "Subiri kwanza," akasema, "bado anaongea." Kisha akabonyeza moja. Leo saa tatu amefanya hivyohivyo hapa wodini, kwa simu ya mgonjwa wa jirani, naye aliomba arudishiwe kwa adabu.

Sasa sikiliza. Kila aliyepasuliwa hupigiwa simu na huduma ileile, na mimi nimeandikishwa. Simu ya kwanza ni Jumatano ijayo, tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi. Mama asiwe karibu nayo. Wataita jina langu. Nikiwa macho nitapokea mwenyewe. Nikiwa nimelala, iache ilie. Njoo kitandani, nifunue shuka, angalia chini yangu, nishike mkono uone kama una joto, uniamshe hata nikikutukana. Ukishasikia sauti yangu, rudi kwenye simu. Hukata baada ya mlio wa kumi na mbili, halafu hupiga tena saa tatu na dakika kumi.

Mdadisi